Umeshindaje? Utetezi wa Mambo Madogo

Ndugu malenga na wapenzi wa lugha, nina hoja moja ya kuiweka mbele yenu, nami naomba isikilizwe kabla ya kupingwa. Hoja yenyewe ni hii: ushairi wetu na nathari yetu vimeyapa kisogo maisha ya kila siku, na kwa kufanya hivyo vinaiacha lugha ipungue pale pale ilipokuwa na utajiri mwingi. Tunatunga juu ya mapenzi na mauti, juu ya uongozi na uzalendo, juu ya maradhi na maadili. Hayo yote ni mema. Lakini ni nani miongoni mwetu aliyetunga mwaka huu juu ya kuogelea, juu ya kumtembelea dada yake, juu ya uji aliopewa na jamvi aliloketi? Na kama hayupo, maneno ya mambo hayo tumemwachia nani ayatunze?

Sisemi haya kama mwanazuoni. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilisomea ualimu katika chuo cha Korogwe, nikafundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 36, na sasa umri wangu umevuka miaka 60. Kustaafu kumenipa vitu viwili ambavyo kengele ya shule haikuwa na nafasi navyo: wakati wa kurudi baharini, na wakati wa kuwatembelea ndugu. Katika vyote viwili nimekutana na Kiswahili ambacho sikioni katika vitabu vipya wala katika kurasa za mashairi. Ndicho kilichonitia hamu ya kuandika.

Nianze na bahari. Nilizaliwa Tanga, na sisi watoto wa wakati ule tulijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Kisha ukaja ualimu, vikaja vituo vya kazi vya bara, wakaja watoto, yakaja madaftari ya kusahihisha. Bahari ikawa kitu cha kutazamwa kutoka dirisha la basi wakati wa likizo. Nilipostaafu, magoti yalikuwa yamechoka kwa kusimama mbele ya ubao, na daktari akanishauri nitafute mazoezi yasiyoyabebesha uzito. Basi nikaanza tena kwenda pwani asubuhi, upande wa Raskazone, siku tatu kwa juma.

Jambo la kwanza ambalo mtu aliyezoea kengele hukutana nalo ni kwamba bahari haina saa ya ukutani. Maji hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili katika usiku na mchana, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Aliyeogelea leo saa kumi na mbili asubuhi katika maji yaliyojaa, akirudi saa ile ile baada ya juma moja atakuta maji yamekwenda mbali, na mbele yake kuna mchanga, matope na wanawake wanaotafuta pweza. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na hapa kwetu tofauti yake hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Mwogeleaji asiyejua mambo haya atafika pwani na taulo lake begani, kisha atarudi nyumbani mkavu.

Kujaa, kupwa, bamvua, maji mafu. Maneno haya manne kwa watu wa pwani hayakuwa mapambo ya shairi. Yalikuwa ratiba. Kwayo mvuvi alijua saa ya kutoka, nahodha alijua saa ya kuingia bandarini, na mama alijua siku ya kumkataza mwanawe asicheze majini. Neno lililofanya kazi namna hiyo halihitaji kuhifadhiwa na mtu, kwa sababu kazi yenyewe huitunza. Kazi ikiondoka, neno hubaki peke yake. Na hapo ndipo linapomhitaji mwandishi.

Wengi wenu mnajua kwamba jina lenyewe pwani limetoka katika kitenzi hicho cha kupwa: ni mahali maji yanapokupwa. Lakini ni wangapi wanaotumia leo kitenzi kupwelewa? Chombo kilichokawia kuondoka, maji yakakupwa yakakiacha juu ya mchanga, wazee walisema kimepwelewa. Na mtu aliyesema sana hadi sauti ikamkauka, naye walisema amepwelewa na sauti. Fikirini uzuri wa jambo hili. Sauti ni maji, koo ni ufuko, na msemaji aliyechoka ni jahazi lililolala ubavu likingoja maji yarudi. Hakuna malenga aliyekaa chini akaibuni istiara hii ili apate tuzo. Iliundwa na watu waliokuwa wakiishi siku zao za kawaida, na waalimu kama mimi tuliihitaji kila Ijumaa jioni.

Au chukueni kitenzi kuogelea. Kuoga ni kujimwagia maji ujisafishe. Kikirefushwa kinyambuo hadi kuogelea, kitendo nacho hurefuka: mtu hayuko tena na ndoo na kata, yuko ndani ya maji, anakwenda nayo, anaendelea. Sarufi hapa imeogelea yenyewe. Au kitenzi kuelea. Kitu huelea juu ya maji, na maneno nayo humwelea msikilizaji, ndipo akasema ameelewa. Wanaisimu na wabishane kama hayo ni mashina mawili au ni moja. Mimi nasema kama mtu alalaye chali juu ya maji ya kaskazi, masikio yamezama na macho yanatazama juu: anayeelea ni yule aliyeacha kupigana na maji. Aliyewahi kufundisha somo gumu anajua kwamba mwanafunzi naye huelewa siku ile anapoacha kupigana nalo.

Yote haya sikuyapata katika kitabu kipya. Yananijia majini, kwa sababu mwili ukifanya kazi ya neno, neno huamka. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kuyatetea mambo madogo. Mwandishi anayeandika tu juu ya mambo makubwa hutumia maneno ambayo kila mtu anayo tayari: amani, haki, upendo, maendeleo, mshikamano. Maneno hayo ni ya heshima, lakini ni yale yale, na shairi la jana juu yake hufanana na shairi la leo. Mwandishi anayeeleza namna alivyoingia majini, alivyopiga mbizi, alivyokwepa matumbawe, mkondo ulivyomvuta na alivyorudi ufukoni, atalazimika kuyatafuta maneno mahususi. Na akiyatafuta atayapata, na akiyaandika watoto watayaona.

Watoto wanayahitaji. Likizo moja wajukuu wangu walikuja kutoka Dar es Salaam. Wao wamefundishwa kuogelea katika bwawa, na wanajua vizuri kuliko nilivyojua mimi katika umri wao. Tulipofika pwani maji yalikuwa yamekwenda. Mdogo wao, wa miaka sita, akasimama akashangaa, akauliza, “Babu, maji yamekwenda wapi?” Katika bwawa maji hayaendi popote. Nikamjibu, “Yamekupwa, mjukuu wangu. Yatajaa tena jioni.” Akalirudia neno lile mara mbili tatu, kama mtoto anayeonja embe bichi. Siku ya pili yake alinijia na simu yangu mkononi, kioo kimekuwa cheusi, akaniambia kwa huzuni, “Babu, simu yako imekupwa.”

Sikumsahihisha. Nilikwenda kuitia chaji nikiwa na furaha, maana mtoto yule alikuwa amefanya kile walichofanya wale wa kale waliosema mtu amepwelewa na sauti. Alipewa neno moja la bahari kwa siku moja tu, na siku ya pili akalipeleka mahali ambapo mimi nisingelipeleka. Wanaosema kwamba maneno ya zamani hayawafai vijana wa leo, wamkumbuke huyu. Hayafi kwa sababu yamezeeka. Hufa kwa sababu hapana mtu aliyeyatamka mbele ya mtoto wakati jambo lenyewe linatendeka.

Sasa nitoke majini niende ugenini, maana huko nako kuna hazina. Dada yangu mkubwa anaishi Bweni, ng'ambo ya Mto Pangani. Kutoka Tanga ni mwendo wa kiasi cha kilomita 50 kwa basi, kisha unavuka mto kwa pantoni. Tangu nistaafu nimejiwekea kawaida ya kwenda kwake kila mwezi. Yeye amevuka miaka 80. Macho yamepungua nguvu, lakini ulimi wake haujapungua chochote.

Sikilizeni vitenzi vya safari hii. Natoka kwangu kwenda kumtazama dada. Sisi watu wa pwani hatusemi tu kumwona, twasema kumtazama, na ndani yake mna kumjulia hali na kumwangalia kama ana mahitaji. Nafika, nabisha hodi. Naamkia, “Shikamoo, dada.” Naye, “Marahaba, mdogo wangu. Umekuja kushinda au umekuja kulala?”

Swali hilo ni adabu tupu. Ndani yake kuna hesabu ya unga, ya mboga na ya kitanda, lakini hapana aibu kwa aulizaye wala kwa aulizwaye. Mgeni wa kushinda atapata chakula cha mchana na ataondoka alasiri. Mgeni wa kulala atatandikiwa. Na tazameni kitenzi kushinda. Kwa vijana wengi leo kina maana moja tu: kupata ushindi katika mchezo, katika uchaguzi au katika mtihani. Kwa dada yangu kushinda ni kuufikisha mchana mwisho wake. Jioni huuliza, “Mmeshindaje?” kama asubuhi alivyouliza, “Mmeamkaje?” Anayeulizwa hatakiwi awe amemshinda mtu. Anatakiwa awe ameipitisha siku na bado yupo. Lugha iliyotumia neno moja kwa ushindi wa vitani na kwa kuimaliza siku ya kawaida iliyaheshimu mambo madogo kabla yangu.

Ukiondoka, hutoki tu. Huaga, na aliyeagwa hukusindikiza. Dada yangu hawezi tena kutembea hadi kivukoni, kwa hiyo hunisindikiza hadi kwenye mkarafuu mmoja mkongwe nje ya ua wake, ambao hauzai tena. Hapo husimama. Kusindikiza nako kuna kipimo chake: mgeni wa heshima husindikizwa mbali, na anayesindikizwa hupaswa kusema mapema, “Basi, rudi, dada, inatosha.” Nimetafuta neno hili katika mashairi ya vijana, nikaliona limetumika zaidi kwa maana ya mizigo ya kwenye orodha na wachezaji wanaomaliza mwisho. Maana ya kwanza, ya watu wawili wanaotembea polepole kwa sababu hawataki kuachana upesi, imebaki kwa wazee.

Na kuna majina ya ndugu. Hapa nitasema kwa uchungu kidogo, mniwie radhi. Katika harusi moja ya ukoo wetu, kijana alinitambulisha kwa mwenzake akasema, “Huyu ni kazini wangu,” akimwonyesha binti wa mjomba wake. Mzee aliyekaa karibu nasi akauliza kwa dhati ni kazi gani anayoifanya. Tulicheka sote, lakini nilibaki nikifikiri. Kwa Kiswahili, mtoto wa baba mkubwa au wa baba mdogo ni ndugu yangu, kaka au dada. Mtoto wa mama mkubwa au wa mama mdogo naye vilevile. Mtoto wa mjomba au wa shangazi ni binamu, na katika utani na desturi za ndoa uhusiano wake nami ni mwingine kabisa. Yote haya yakimezwa na neno moja la kuazima, si maneno tu yaliyopotea. Imepotea ramani ya nani anadaiwa nini na nani. Vivyo hivyo kwa anko, ambaye leo ni mjomba, ni amu, ni baba mkubwa, ni dereva wa basi la shule na ni jirani. Na anti amewameza shangazi, mama mdogo, wifi wa mama na mwalimu wa chekechea. Mimi si adui wa maneno ya kuazima. Kiswahili kimeazima Kiarabu, Kihindi, Kireno na Kiingereza, na kikanenepa. Nalalamikia mkopo unaolipwa kwa kuuza nyumba.

Najua nitapingwa, na hoja tatu za kunipinga nazisikia zikija.

Ya kwanza ni kwamba mambo haya ni madogo mno kwa ushairi. Wasemao hivyo hudhani kwamba mapokeo yetu yalikuwa ya mambo makubwa tu. Mapokeo yetu yasema vingine. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, na sehemu kubwa ya utendi huo ni mambo ya ndani ya nyumba: namna ya kukaa na mume, kusema na watu, kujitunza. Leo hapana historia ya fasihi ya Kiswahili isiyomtaja. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, anasifiwa na wahakiki kwa kuutoa ushairi katika uwanja wa dini na kuupeleka katika maisha ya mji: mapenzi, ugomvi, biashara, vita na njaa ya watu wake. Naye Shaaban Robert, aliyezaliwa hapa hapa Tanga mwaka 1909 na aliyekuwa karani wa forodha kwa miaka mingi, aliona kwamba maisha ya karani, ndoa zake, watoto wake na uhamisho wake wa kazi yanastahili kitabu, akaandika Maisha Yangu. Hawa watatu hawakuomba ruhusa ya kuandika mambo ya nyumbani. Kama mambo hayo yaliwatosha wao, ni kiburi gani kitakachotufanya tuyaone yametupungukia sisi?

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami naiheshimu: ni hoja ya sitara. Tumelelewa kwamba ya nyumbani hayaanikwi barazani. Mwandishi akianza kueleza nyumba ya dada yake, ataishia wapi? Jibu langu ni kwamba sitara haikatazi kuandika, hufundisha tu cha kuandika. Naweza kuwaeleza uji wa dada yangu bila kuwaeleza madeni yake. Naweza kusema jamvi lilivyotandikwa bila kusema ugomvi uliozungumzwa juu yake. Tena mwandishi mwenye sitara huandika vizuri zaidi, kwa sababu akikatazwa siri hulazimika kukitazama kilicho wazi: mikono, vyombo, salamu, njia. Nisilolikubali ni kuifanya sitara kisingizio cha kunyamaza kabisa. Kunyamaza huko hakumhifadhi dada yangu. Kunamfuta.

Hoja ya tatu husema: kamusi zipo. Ni kweli zipo, na tuwashukuru waliozitunga. Kamusi ya Charles Sacleux ya mwaka 1939 imejaa maneno ya bahari na ya lahaja ambayo pengine tungeyapoteza, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 imewafundisha waalimu wa rika langu lote. Lakini neno katika kamusi ni kama samaki wa ng'onda. Amehifadhiwa, halafu haogelei. Kamusi itaniambia kwamba kushinda ni pia kukaa mchana kutwa mahali. Haitaniambia kwamba dada mkubwa humwuliza mdogo wake swali hilo kabla hajavua viatu, wala kwamba jibu zuri ni, “Nimekuja kushinda, dada, ila ukinibembeleza nitalala.” Mambo hayo hukaa katika sentensi, na sentensi hukaa katika hadithi na mashairi.

Kwa kuwa mwalimu hapaswi kuagiza kazi asiyoweza kuifanya mwenyewe, naweka hapa ubeti mmoja nilioutunga ndani ya basi la kurudi Tanga. Haukukusudiwa kumshangaza mtu.

Asubuhi nimefika, kwa dada hodi nabisha,
Naye ndani kaitika, karibu akanipisha,
Jamvi akalitandika, na uji akaupasha,
Tukasema tukacheka, na usiku tukakesha.

Mizani ni kumi na sita, vina vipo, na hapana jambo kubwa lililotokea. Hakufa mtu, hakuoa mtu, hakusifiwa kiongozi. Lakini hesabuni: kubisha hodi, kuitika, kukaribisha, kumpisha mgeni, kutandika jamvi, kupasha uji, kukesha kwa mazungumzo. Kijana atakayeuliza maana ya kila kitendo hapo atakuwa amejifunza namna nyumba moja ya pwani inavyompokea ndugu. Nao ni mistari minne tu, ya mwalimu wa kawaida, ndani ya basi lenye makelele. Ninyi malenga hasa mtafanya nini mkikaa vizuri?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, yote mepesi.

La kwanza, kila mwenye kalamu atunge au aandike jambo moja la juma lake ambalo halina sherehe wala msiba ndani yake. Kama ni mtu wa bara, hahitaji bahari. Ziwa lina maneno yake, shamba lina yake, soko lina yake, na jiko la kila kabila lina Kiswahili chake. Mtu wa Kigoma anayekwenda kuoga ziwani ana msamiati ambao mimi wa Tanga sinao, nami nangojea kuusoma.

La pili, tuanze na vitenzi. Tunapokusanya maneno ya wazee hupenda kukusanya majina: jina la samaki, jina la chombo, jina la vazi. Jina hukwenda pamoja na kitu chake. Mtepe uliondoka baharini na neno likabaki katika makumbusho. Kitenzi kina maisha marefu, kwa sababu kinaweza kuhama kutoka majini kwenda kooni, na kutoka kooni kwenda kwenye simu. Mzee akikusimulia, msikilize hasa anaposema kilichotendeka.

La tatu, tuwatembelee. Hili si la fasihi pekee, lakini fasihi haiwezi bila hilo. Kuzungumza kwa simu ni kuzuri, nami humpigia dada yangu kila Jumapili. Ila katika simu hutumia maneno machache: mzima, mzima, hali ya hewa, fulani anakusalimu. Maneno mengine humtoka anapokuwa na kitu mkononi. Alinipa neno la kuchambua mchele alipokuwa anachambua mchele. Maneno ya upepo alinipa tulipokuwa tumeketi nje na kusi ikaanza kuvuma, akanyanyua uso, akaitambua kwa shavu kabla ya mimi kuisikia mitini. Yapo maneno ambayo hayajui njia ya simu.

Rika lake pale Bweni limebaki la watu wachache wa kuhesabika kwa vidole. Siandiki hili kuwatia simanzi. Yeye mwenyewe hasimangi wala hahuzuniki, na mara ya mwisho alinicheka kwamba mzee kama mimi bado anakwenda kuoga baharini kama mtoto. Naliandika kwa sababu ni hesabu, na kila mwenye dada, shangazi au bibi wa umri huo anaweza kuifanya kwa upande wake. Kila neno ambalo wanalijua wao peke yao lina siku zile zile walizo nazo wao. Mwandishi peke yake ndiye awezaye kuliongezea siku.

Basi, ndugu zangu, wekeni kando kwa leo mada ya amani na mada ya maendeleo, hazitakimbia. Chukueni karatasi, mjibu kwa urefu na kwa ukweli lile swali ambalo wazee wetu huuliza kila jioni, nasi hulijibu kwa neno moja tukapita: umeshindaje?